Chupa Kumi na Tisa za Msasa

Kazini walimwita Mama Chupa, na aliyeanza kumwita hivyo alishastaafu. Kazi yake ilikuwa kutunza samaki waliokufa. Walikaa ndani ya chupa za mdomo mpana, wameloweshwa spiriti, katika chumba kilichokuwa chini ya ngazi, nyuma ya ofisi za watafiti wa bahari. Dirisha lilikuwa moja, nalo limepakwa rangi nyeupe, kwa sababu jua huwachujua samaki wa chupa kama linavyochujua pazia. Kila asubuhi aliingia na kigoda cha kupandia, kitambaa na dumu la spiriti. Chupa iliyopungua aliijaza. Kifuniko kilicholegea alikikaza. Iliyotoa jasho shingoni aliipangusa, kisha kesho yake akairudia kuitazama, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyekohoa mara moja tu.

"Mama Chupa, leo wangapi wamelewa?" mlinzi wa getini alimtania kila jioni alipopita ananuka spiriti.

"Wote. Kasoro wewe, na wewe sina hakika."

Alijua kujibu. Mdomo haukumpa shida kamwe. Shida yake ilikuwa mkono.

Katika rafu ya mwisho, ile ya kona, walikaa papa wadogo wa kilindini. Ukisikia papa utadhani ni lile jitu la meno. Hawa mkubwa wao hakuzidi urefu wa mkono kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole, na wadogo walienea kiganjani. Walikuwa weusi kama masizi, macho makubwa kuliko sura, na mwiba mmoja mbele ya kila pezi la mgongoni. Tumboni walikuwa na vitone vidogo mno ambavyo, samaki akiwa hai, hutoa mwanga hafifu wa buluu. Ndiyo maana wakaitwa papa-kandili. Aliyemfundisha hayo ni msimamizi wake, mwanamume mpole aliyeitwa Miwani kwa sababu alivaa mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado aliuliza miwani yangu iko wapi.

"Usidhani hiyo taa ni ya kumulikia njia," Miwani alimwambia wiki ile ya kwanza. "Huko waliko, mita mia nne au mia tano chini, mwanga wa juu unafika kidogo tu, kama ule unaopenya chini ya mlango. Adui aliye chini akitazama juu anaona kivuli cha samaki. Basi huyu anawasha tumbo lake, linalingana na ule mwanga, kivuli kinapotea."

"Kwa hiyo anawasha taa ili asionekane?"

"Hasa."

"Makubwa!" Alilicheka jambo hilo siku nzima, na nyumbani akamsimulia binti yake wakiwa wanachambua mchele.

Papa-kandili si wa aina moja. Macho yake, ambayo hayakusoma vitabu, yalijifunza kuwatofautisha. Kulikuwa na wale ambao magamba yao madogo yalipangwa mistari kama nywele zilizochanwa, hao akawaita Wachana Nywele. Kulikuwa na wenye mkia mrefu na alama nyeusi ubavuni iliyochongoka kama jani. Na kulikuwa na wale ambao magamba yao yalitawanyika ovyo, ngozi ikakwaruza kidole. Hao akawaita Msasa. Miwani mwenyewe akaanza kusema Msasa, majina marefu ya kitaalamu akayaachia makaratasi.

Wachana Nywele walitoka kwenye miteremko ya juu, penye mchanga. Wenye mkia mrefu walitoka penye tope. Msasa walivuliwa huku na huku, kuanzia mita mia tatu mpaka mia tisa, na hakuna aliyejua kwa nini wametapakaa hivyo. Yote hayo yalijulikana kwa kitu kimoja tu: lebo. Kipande cha karatasi ngumu kilichozamishwa ndani ya chupa pamoja na samaki, maandishi yametazama nje. Namba ya chupa, mahali, kina, aina ya sakafu ya bahari, tarehe.

"Samaki asiye na lebo," Miwani alipenda kusema, "ni kitoweo kilichochacha."

Sasa, kuhusu mkono wake.

Alipokuwa mtoto, shuleni kwao waliandika kwa penseli mpaka mwisho wa darasa la tatu. Ukiingia la nne, mwalimu alikuita jina mbele ya wenzako, ukarudisha kipande chako cha penseli, ukapewa kalamu ya wino. Watoto walipiga makofi. Yeye hakupigiwa. Mama yake aliugua, wadogo zake walikuwa watatu, na shule zilipofunguliwa yeye alikuwa nyumbani anakoroga uji. Alijifundisha mengine mwenyewe, kwa kusoma mifuko ya unga na magazeti ya kufungia vitu. Alipoomba kazi aliulizwa amesoma mpaka wapi, akajibu, "Nilimaliza shule ya msingi." Binti yake naye alijua hivyo hivyo.

Mwaka wa pili wa kazi, lebo za zile chupa za Msasa zilianza kuoza. Zilikuwa zimeandikwa melini kwa haraka, kwenye karatasi mbaya, na mafuta ya maini ya samaki yalikuwa yamezilainisha kama mkate uliolowa chai. Miwani alimpa karatasi mpya ngumu.

"Zinakili zote kumi na tisa. Polepole. Hakuna daftari jingine, la melini lilipotea, kwa hiyo hizi ndizo kumbukumbu zenyewe." Alikuwa anaanza likizo, begi liko begani. Mlangoni akageuka. "Na uandike kwa penseli, sawa? Penseli tu."

Hakusema kwa nini, na yeye hakuuliza. Uso ulimwiva. *Penseli tu.* Alisimama na karatasi mkononi akijiambia: amejua. Ameuona mwandiko wangu kwenye daftari la mahudhurio, amejua ni mtu wa darasa la tatu. Ananipa penseli kama mtoto.

Alikwenda dukani mchana ule, akanunua kalamu ya wino wa buluu.

Siku mbili aliandika. Aliandika akibana ulimi kwenye kona ya mdomo, akikandamiza kalamu mpaka kidole cha kati kikapata sugu, kila herufi peke yake, kila namba imesimama wima. Karatasi za zamani zilimvunjikia mkononi alipozitoa, akazitupa. Ijumaa jioni chupa zote kumi na tisa zilikuwa na lebo mpya, na alirudi nyuma hatua tatu kuzitazama. Zilimpendeza. Hakuna mtu wa darasa la tatu angeandika vile.

Jumatatu alipofungua mlango, spiriti ya rafu ya kona ilikuwa ya buluu.

Mwanzoni hakuelewa. Akainua chupa moja kwenye balbu. Papa walikuwemo, weusi vile vile, wakiogelea katika buluu nzuri ya anga. Na lebo ilikuwa nyeupe. Akainua ya pili. Nyeupe. Ya tatu. Akakaa juu ya kigoda. Spiriti ilikuwa imekunywa wino wote. Ndipo akaelewa penseli ilikuwa ya nini. Miwani hakuwa amemdharau hata kidogo. Ungemuuliza tu, we mwanamke, neno moja, "Kwa nini?"

Angeweza kusema siku ile. Miwani angerudi baada ya wiki mbili, lakini kulikuwa na ofisi, kulikuwa na watu. Hakusema. Alizitoa zile karatasi tupu, akazianika, akazitia kwenye bahasha. Kuzitupa alishindwa. Akamwaga ile buluu, akajaza spiriti safi, akachonga penseli.

Namba za chupa zilikuwa zimechongwa kwenye vifuniko, hizo hazikumsumbua. Mahali, sakafu na tarehe alivikumbuka, vilikuwa vya safari moja. Ila kina! Alikumbuka viwili vitatu. Vilivyobaki alivipanga kwa akili yake: papa wakubwa aliwapa vina virefu, wadogo akawapa vifupi, kama mzazi anavyogawa vyumba. Hakutaka watoto walale mbali, gizani. Hivyo tu. Miwani alirudi, akapitisha jicho, akasema, "Safi sana," na jambo likalala hapo miaka mitatu.

Halafu akaja Daktari.

Alikuwa daktari wa samaki, mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi, mwenye sauti ya kucheka hata akiuliza kalamu iko wapi. Alikuja kuchunguza papa-kandili: aina zao, makazi yao, nani anaishi na nani. Alipanga vidude vyake kwenye meza ya chumba cha chupa, na miezi mitano wakakaa pamoja, mmoja anapima, mwingine anafungua vifuniko.

"Mama, njoo uone," alimwita asubuhi moja. Mbele yake alikuwa amezipanga zile chupa kumi na tisa kwa mstari. "Wadogo kabisa: mita mia tatu, mia tatu na hamsini. Vijana: mia tano. Watu wazima: mia saba kwenda chini. Unaona? Wanazaliwa juu, wakikua wanateremka. Wanahama kwa umri! Kwa hawa Msasa wako hakuna aliyewahi kulionyesha hili waziwazi namna hii."

Mama Chupa alikuwa ameshika kifuniko. Akakishika vizuri zaidi.

"Labda imetokea tu," alisema.

"Chupa kumi na tisa, mama! Kitu gani kinatokea tu mara kumi na tisa?" Daktari akamkumbatia na mikono yenye glavu. "Na ni kwa sababu yako. Ungejua nimezunguka ghala ngapi nikakuta lebo zimefutika! Zako zinasomeka kama kitabu. Jina lako nitaliandika kwenye ripoti, ukurasa wa mbele, kwenye shukrani."

Alitamani sakafu ipasuke immeze.

Nyumbani alikosea. Binti yake, aliyekuwa anamaliza sekondari, alimwona amenyong'onyea, akamhoji, naye ili kumtuliza akatoa kile kipande kimoja kilichokuwa kitamu.

"Jina langu litaandikwa kwenye ripoti."

"Mama! Jina lako? Kwenye kitabu cha wataalamu?" Binti akaruka, akampigia shangazi yake simu, kesho yake akamwambia mwalimu wa bayolojia. Mwalimu akaagiza salamu. Mama Chupa akazipokea salamu, akasema asante, chakula kikamshinda.

Kuanzia hapo hakuweza kuitazama rafu ya kona. Alifanya kazi kwa kuipa kisogo. Alijiambia kwamba ni papa tu, tena wamekufa. Nani atawafuata huko gizani kuwauliza mnalala wapi? Siku nyingine alikaribia kuamini.

Kisha akamsikia Daktari akizungumza na Miwani kwenye ngazi, mlango ukiwa wazi.

"Ripoti inaondoka Alhamisi. Wenye nyavu za kilindini wanaisubiri."

"Na utawashauri nini?"

"Juu ya mita mia nne pafungwe, ndiko kuliko na watoto. Chini ya mia sita wavute nyavu, kule ni watu wazima, watavumilia. Huyu papa anazaa watoto wachache sana, bosi. Ukizoa watoto mara mbili tatu, umemmaliza."

Mama Chupa alibaki na dumu mkononi. Aliwaona wale wadogo, wale wa kuenea kiganjani, wametulia mahali pao pa kweli ambapo yeye hakupajua tena, matumbo yamewaka ili wasionekane na yeyote, na wavu unakuja. Unakuja kwa sababu yeye aliona haya kushika penseli.

Ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi alikuja na bahasha ndani ya kanga, akamkuta Daktari mezani na Miwani amesimama pembeni akitafuta miwani.

"Iko kichwani, bosi," alimwambia, na sauti ikamtoka nyembamba. Kisha: "Daktari. Wale wadogo hawakukaa juu. Mimi ndiye niliyewaweka."

"Uliwaweka wapi, mama?"

"Kwenye lebo."

Hakuna aliyeelewa. Ilibidi aseme yote, na alisema vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma: kalamu, buluu, karatasi nyeupe, vyumba. Alipofika kwenye vyumba akasimama. Miwani alivua miwani ya machoni, akavua na ya kichwani, akabaki na macho matupu.

"Si nilikwambia penseli?"

"Uliniambia."

"Sasa?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kote. Kusema ameharibu, aliweza. Kusema kwa nini, ulimi ulikuwa mzito kama mbao. "Nilidhani unanidharau. Mimi sikumaliza shule, bosi. Niliishia la tatu. Penseli ni... kwetu penseli ilikuwa ya watoto."

Daktari hakucheka na hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alizitazama chupa zake kumi na tisa, zilizopangwa kwa uzuri, wadogo kushoto wakubwa kulia, akasema polepole, "Miezi mitano." Na baadaye kidogo, "Nilikwisha kuwaambia watu."

Mama Chupa aliweka bahasha mezani. Hakujua aliileta ya nini. Labda kama mtu anavyoleta vipande vya chombo alichovunja.

Daktari alizimwaga. Karatasi kumi na tisa, nyeupe, ngumu, zimekunjamana kidogo. Akachukua moja kwa hasira, kama atakayeichana, kidole gumba kikapita juu yake. Akasita. Akapitisha tena.

"Mbona ina mabonde?" Akaielekeza upande upande kwenye taa. "Mama, uliandika kwa kalamu au kwa msumari?"

"Mimi mkono wangu unakandamiza. Tangu zamani."

Daktari alinyang'anya penseli iliyokuwa sikioni mwa Miwani, akailaza ubavu, akaanza kusugua karatasi taratibu, bila kuigandamiza. Weusi ulitanda. Na ndani ya weusi, nyeupe, ikajitokeza moja, ikajitokeza nne, kisha herufi zilizosimama wima kama watoto mstarini. *Chupa ya 14. Mita 820. Tope.*

Chupa ya kumi na nne ilikuwa ya kwanza kushoto. Ndani yake walilala papa watatu wadogo kuliko wote.

Walisugua asubuhi nzima. Kumi na moja zilisomeka. Nane zilikuwa zimekunjamana mno, au mkono siku ile ulikuwa umechoka, hazikutoa kitu. Zile kumi na moja zilitosha kuvunja kila kitu: wadogo walikuwa juu, walikuwa chini, walikuwa katikati, na watatu wa mita mia nane na ishirini walikuwa pale pale ambapo nyavu zingeruhusiwa. Ngazi nzuri ya umri aliyoiona Daktari ilikuwa imejengwa na mama mmoja mwenye huruma ya kijinga.

"Ripoti haiondoki kesho," Daktari alisema. Alikuwa anazifunga chupa, na kwa mara ya kwanza hakumwomba amsaidie. "Nitaandika kwamba hatujui. Na mpaka tujue, wasivute popote." Akafika mlangoni. "Zile nane, ziandikie lebo mpya."

"Niandike kina gani?"

"Andika unachokijua."

Akaandika, kwa penseli, mara nane: *Kina hakijulikani.* Miwani alikaa akimtazama mpaka akamaliza, kisha akanyoosha mkono, akaomba ufunguo wa chumba. Hakumfukuza. Ila tangu siku hiyo, kila asubuhi, angepaswa kupanda ngazi kuuomba, na kila jioni kuurudisha. Alisema ni kwa muda. Hakusema muda gani.

Getini mlinzi alifungua mdomo, akamwona usoni, akaufunga.

Binti yake alikuwa mezani na madaftari yake, kalamu tatu za rangi zimepangwa. Mama Chupa hakuvua viatu. Alijua akivua atakaa, akikaa atanyamaza.

"Jina langu halitaandikwa," alisema. "Mwambie mwalimu wako. Niliharibu lebo, nikaandika za uongo. Na shule sikumaliza. Niliishia la tatu."

Binti aliinua kichwa, akamtazama. Mama aliona jinsi mambo ya miaka yote yanavyopita machoni mwake, moja moja, yakijipanga upya.

"Zile barua za shule," binti alisema. "Ulikuwa unaniambia nizisome kwa sauti. Eti unanipima kama najua kusoma."

"Mwandiko wa kuunganisha ulikuwa unanishinda."

"Na mimi nilikuwa najikaza kisabuni, mama! Nilikuwa naogopa kukosea neno." Alicheka, kicheko kikakatika nusu, akageukia daftari lake, mabega yameinama. Mama Chupa alisimama pale pale, vidole vyeusi kwa penseli, hajui kama aende kunawa au asubiri.